Mtoto, baridi na mbabula ndani ya chumba

Swali: Mama mkunga, jambo. Tunaishi Kadutu, Bukavu, chumba kimoja cha mbao. Mtoto ana miezi miwili. Usiku kuna baridi, basi tunaingiza mbabula, jiko letu la makaa, makala yakishakuwa mekundu bila moshi, tunafunga mlango. Lakini bado anaamka kila saa mbili. Nipange mahali pake namna gani alale kwa utulivu?

Jibu: Mama, leo usiku toa mbabula nje kwanza. Hayo makala mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayonitia hofu. Yanatoa monoksidi ya kaboni, hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, hamtakohoa, hamtashtuka. Mtoto wa umri huo huvuta pumzi mara 30 hadi 60 kwa dakika, sisi wakubwa 12 hadi 20 tu, kwa hiyo sumu humwingia upesi. Mkiamka na kichwa kinagonga na kichefuchefu, tokeni wote nje, mwende hospitali.

Baridi ya Bukavu naijua, mji uko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Ziba nyufa za mbao upande anaolala, lakini acha hewa ipite juu. Chupa ya maji moto ipashe kitanda, uitoe kabla hujamlaza. Mvike nguo moja zaidi ya zako, bila kofia. Mikono yake kuwa baridi si kitu. Shika kisogo, ukikuta jasho, punguza nguo.

Mlaze chali, godoro gumu na tambarare, bila mto. Bibi yake atasema atapaliwa na maziwa. Mweleze kwa heshima: mtoto akiwa chali, njia ya hewa iko juu ya njia ya chakula, maziwa yakipanda hurudi chini. Kifudifudi ndiko kwenye hatari. Blanketi liishie kifuani, lichomekwe chini ya godoro, na chandarua kisimguse uso.

Kuamka kila saa mbili si kosa lako, tumbo lake bado dogo. Mnyonyeshe gizani, bila maongezi. Na umeme ukikatika jioni, zima swichi kabla ya kulala, maana ukirudi usiku wa manane taa itamwamsha.

Akiwa anaongezeka uzito, mwache aamke. Akipata homa au akikataa kunyonya, usingoje asubuhi.