Ulevi wa Zamani na Fomu ya Upekuzi

Mtoto wa kaka yangu aliyeko Marekani alinipigia simu usiku, sauti imemkauka. Kapata kazi ya kompyuta kwenye kampuni inayohudumia jeshi, lakini haanzi mpaka apate kibali cha usalama, na fomu inamuuliza habari za pombe. "Ami, niandike au ninyamaze?"

Alinipigia mie kwa sababu ukoo mzima unaijua habari yangu. Nilikuwa mlevi wa tembo la mnazi, huko Wete, Pemba, asubuhi kabla ya chai. Nikapelekwa soba hausi, nyumba ya kuachia ulevi, Unguja, nikatoka, nikaanguka tena, nikarudi. Mara ya pili ndiyo ikashika.

Miaka mitatu baadaye niliomba kazi ya ulinzi, sehemu isiyoingilika bila pasi. Fomu ikauliza kama nimewahi kuwa na tatizo la ulevi. Nikaandika "hapana". Sasa sheha wetu, kiongozi wa mtaa, ndiye aliyewahi kuniokota mtaroni, nimevaa kanzu ya Idi. Wapekuzi walipomfuata akawaeleza yote, tena kwa kunisifu: "Kijana kaacha, siku hizi anaadhini." Sifa ile ndiyo iliyonimaliza. Nilipoitwa, afisa hakunigusia pombe hata kidogo. Aliigeuza fomu, akaweka kidole kwenye ile "hapana", akaniangalia. Kazi nikaikosa.

Kwa hiyo nilimwambia mwanangu: andika. Aliwahi kukamatwa akiendesha gari amelewa, miaka minne nyuma, akaamriwa kwenda kwa mshauri nasaha, akamaliza. Tuliisoma fomu yao, SF-86, pamoja kwenye simu. Swali moja linahesabu miaka 7 tu: je, pombe imekuharibia kazi, mahusiano au fedha, au imekufikisha kwa polisi? Lakini kwenye matibabu hakuna miaka, ni umewahi au hujawahi. Ukiyasoma haraka utayachanganya.

Miongozo yao ya kutoa kibali inayotumika tangu Juni 2017 inapima mambo 13, pombe ikiwa moja. Kosa la zamani halikufungii mlango moja kwa moja. Wanatazama muda uliopita, kama unakiri tatizo, kama ulimaliza tiba, na kama unafuata uliyoshauriwa, iwe kuacha kabisa au kupunguza. Kuficha ni kesi nyingine kabisa: kudanganya kwenye fomu ile ni jinai, kifungo hadi miaka 5.

Basi kusanya karatasi kabla hujajaza: hukumu ya mahakama, cheti cha kumaliza tiba, barua ya mshauri. Tarehe zake zilingane na ulizoandika. Na usiandike toba, andika tarehe. Kama Jumamosi bado unapiga mbili tatu, usiseme umeacha, kwani mpelelezi huzungumza na majirani pia. Hapo nilicheka. Kumbe na kule wana masheha!

Kapeleka fomu, anasubiri majibu.

Mie mwenyewe, mwaka uliofuata baada ya kuikosa kazi ile, niliomba kwengine. Safari hii nikaandika "ndiyo", nikaambatanisha barua ya soba na ya sheha. Sheha alisita kabla ya kugonga muhuri barua yake.

"Na lile la mtaroni niliandike?"

Nikamwambia liandike.