Kabla ya Gundi, Kitabu: Kwa Mwalimu Anayeanza Shule ya Msingi Lubumbashi

Mwaka wangu wa kwanza darasani niliwapa watoto wa mwaka wa nne kazi niliyoiona nzuri sana. Tulikuwa tumesoma kijitabu cha msichana anayetumwa na shangazi yake kuuza mbuzi sokoni. Badala ya kuwataka waandike muhtasari, nikawaambia: nendeni nyumbani, mtengeneze lile soko la kwenye hadithi, mlilete Jumatatu.

Jumatatu ikafika. Kwenye dawati moja palikuwa na soko la mbao lililopakwa rangi, lenye paa na taa ndogo ya betri. Kwenye jingine palikuwa na katoni iliyolowa mvua. Watoto kumi na mmoja hawakuja kabisa, na baadaye nikaambiwa na mama mmoja kwamba mwanawe alilia asubuhi kwa sababu hakuwa na cha kuleta. Nikamuuliza mwenye soko la mbao: mbuzi aliuzwa bei gani? Akanyamaza. Lakini aliuzwa? Akainamisha kichwa, akasema polepole, "Madamu, ni papa alitengeneza."

Mbuzi hakuuzwa. Ndiyo hadithi yenyewe: msichana anarudi naye nyumbani.

Tangu siku hiyo, kila ninapopanga kazi ya mikono juu ya kitabu, najiuliza kwanza: mtoto anaweza kuimaliza bila kufungua kitabu? Kama anaweza, basi ni somo la ufundi. Ni somo zuri, lina saa yake kwenye ratiba, lakini lisichukue nafasi ya kusoma. Kazi ninayoitafuta ni ile inayomrudisha mtoto kwenye ukurasa mara mbili, mara tatu, kwa sababu bila kurudi hawezi kuendelea. Na tangu siku hiyo hakuna kinachotengenezwa nyumbani. Vyote vinafanyika darasani, kwa vifaa vya sanduku moja la wote, ili mtoto wa Golf, mtaa wa wenye nacho, na mtoto wa Katuba, mtaa wa watu wa kawaida, washike vizibo vilevile.

Wewe unayeanza mwezi wa tisa, huenda ukakuta darasa la watoto sitini au zaidi. Tangu elimu ya msingi ya umma ilipofanywa bure hapa Kongo mwaka 2019, madawati ya watatu yamekuwa ya watano, na kitabu cha kusomea mara nyingi ni kimoja: kile ulichoshika wewe. Usikate tamaa kwa hilo. Kitabu kimoja kinatosha ukikisoma kwa sauti, bila haraka, siku mbili mfululizo. Siku ya kwanza soma chote moja kwa moja, usikatize kwa maswali. Siku ya pili soma tena, na sasa simama pale watoto wenyewe wanapotaka kusema kitu. Halafu andika kurasa mbili au tatu muhimu kwenye ubao, kwa mwandiko mkubwa, nao wazinakili. Daftari zao ndizo zitakuwa vitabu vyao. Chagua asubuhi, maana mvua ya Januari ikianza kupiga mabati mchana, hata wa dawati la mbele hakusikii.

Kuna jambo moja la lugha ambalo hakuna aliyeniambia nilipoanza. Vitabu vyetu vingi ni vya Kifaransa, na watoto wetu wanaota kwa Kiswahili. Ukiwauliza kwa Kifaransa juu ya shangazi wa hadithi yetu, watakujibu kwamba ni mbaya, basi, kwa sababu hilo ndilo neno walilo nalo. Waulize kwa Kiswahili chao cha nyumbani. Msichana mmoja aliniambia, "Madamu, ule shangazi anamuogopa ule mutoto, ndiyo maana anamutuma mbali." Nilikuwa nimekisoma kitabu kile mara nyingi na sikuwa nimeliona hilo. Kwa hiyo mazungumzo yaanze kwa Kiswahili, kazi ya mikono ifuate, na sentensi za Kifaransa zije mwisho, mtoto akiwa tayari na la kusema. Usiogope kwamba unavunja utaratibu: sheria ya elimu ya mwaka 2014 inazitambua lugha za kitaifa kuwa lugha za kufundishia.

Sasa nikueleze kazi ninayoipenda kuliko zote, nayo haikutoka mbali. Waluba, ambao wajukuu wao wamejaa madarasani mwetu, walikuwa na kitu kinachoitwa lukasa: ubao wa kushika mkononi, uliobana kidogo katikati, wenye shanga na simbi zilizopangwa juu yake. Watu wa chama cha Mbudye, waliokabidhiwa historia ya ufalme, waliushika kwa mkono wa kushoto na kupitisha kidole cha mkono wa kulia juu ya shanga, wakisimulia habari za Nkongolo Mwamba, za Kalala Ilunga, za wafalme na safari zao. Shanga moja ilikuwa mtu au mahali, mstari wa shanga ukawa njia. Ubao ule haukuwa na herufi hata moja, lakini ulisomwa, na ulisomwa na aliyefundishwa tu.

Ninapowaeleza watoto hivyo, wengi wanakaa wima. Wanajua ni kitu cha babu zao.

Kila kikundi cha watoto watano kinapata kipande cha katoni chenye ukubwa wa daftari. Kwenye sanduku kuna punje za mahindi, maharagwe ya rangi mbalimbali, mbegu za mpapai, vifungo vya nguo, vizibo vya chupa, nyuzi. Gundi ni uji mzito wa unga wa muhogo uliopoa. Kabla ya gundi wanapanga tu, bila kubandika, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Nani awe kizibo? Kwa nini shangazi awe kitufe kikubwa na msichana awe punje? Njia ya kwenda sokoni ipite wapi? Watabishana. Waache wabishane, mradi kila ubishi uishie kwenye daftari. Mimi napita kati yao na neno moja tu: nionyeshe. Nionyeshe pale kitabu kinaposema hivyo.

Mwaka juzi kikundi kimoja kilipanga njia ya kwenda kwa mbegu ndogo za mpapai, na njia ya kurudi, ileile, kwa maharagwe makubwa. Nikauliza kwa nini, wakati barabara ni moja. Kijana mmoja, ambaye kusoma kwa sauti kunamtesa mpaka leo, akajibu: "Kurudia ni mulefu, madamu. Anaogopa kuambia shangazi." Nionyeshe, nikasema. Akafungua daftari, akaweka kidole pale msichana anaposimama mara tatu akirudi nyumbani: kwanza kumnywesha mbuzi maji, kisha kukaa chini ya mti, kisha bila sababu yoyote. Alikuwa ameyahesabu maharagwe yake. Yalikuwa na mapengo matatu.

Muhtasari gani wa mistari kumi ungenionyesha kwamba mtoto yule amesoma namna hiyo?

Vikundi vikimaliza, vinabadilishana mbao. Kikundi cha pili kinajaribu kuusimulia ubao wa kikundi cha kwanza kwa kidole, na wenyewe hawaruhusiwi kusaidia. Wakikwama, basi ubao haujasema, na wenyewe wanarudi kuurekebisha. Hatua hii usiiruke hata kama wakati umebana. Ndiyo inayowafundisha kwamba alama lazima ieleweke na mwingine, jambo ambalo nimehangaika kulifundisha kwa kalamu nyekundu bila mafanikio. Mwisho kila mtoto, peke yake, anaandika sentensi tano za Kifaransa, kila sentensi ikianzia kwenye shanga moja. Kazi nzima inachukua siku nne au tano za vipindi vifupi.

Kazi ya pili ni mchezo wa redio. Wazazi wa watoto wetu wengi, na hakika babu na bibi zao, walicheka na kusikitika na kundi la Mufwankolo, lililoigiza kwa Kiswahili cha Lubumbashi redioni na kwenye televisheni. Mpe mtoto kazi ya kumuuliza bibi yake juu ya hilo na atarudi na masimulizi. Darasani, kikundi kinachagua tukio moja la kitabu, kinaliandika upya kama mazungumzo, na kuliigiza kwa dakika tatu huku wasikilizaji wamefumba macho. Mwalimu mwenye simu anaweza kurekodi, lakini chaji usiitegemee. Umeme wa mtaani kwangu unaweza kukosekana siku mbili.

Kinachofundisha hapa ni yale mambo ambayo kitabu hakikuyasema kwa mdomo. Kitabu kinaandika kwamba mnunuzi "alikasirika". Redioni huwezi kuandika alikasirika, inabidi umpe maneno. Atasema nini mtu wa soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, anapokasirika? Watoto wanajua vizuri sana, na ghafla neno lililokuwa limelala kwenye ukurasa linaamka. Waigizaji wanaongea Kiswahili, msimulizi anasoma Kifaransa cha kitabu jinsi kilivyo. Kwa wale wenye haya, kuna sauti za kutengeneza: punje kwenye kopo ni mvua, mawe mawili ni kwato za mbuzi. Nao wanalazimika kufuata maandishi mstari kwa mstari, wasije wakanyesha mvua pasipo mvua.

Kuchora nako kuna njia yake, nasi tuko katika mji wa wachoraji. Tshibumba Kanda Matulu, miaka ya 1970, alichora historia ya nchi hii picha moja baada ya nyingine, zaidi ya 100, na alizieleza kwa mdomo vilevile. Wachoraji wa mitaani walipaka hata juu ya kitambaa cha mifuko ya unga. Mfuko wa unga uliofuliwa, makaa ya jikoni kwa rangi nyeusi, udongo mwekundu wa kichuguu kwa rangi nyingine: hivyo vinatosha. Kuhusu udongo niwe mkali kidogo. Uchukueni kwenye kichuguu kilicho mbali na machimbo na mitambo. Mtoto akikuletea mawe ya kijani au vumbi la machimbo kwa sababu ya rangi yake nzuri, mshukuru, liweke nje, mwambie anawe mikono kwa sabuni. Vumbi lile si la kuchezea.

Masharti ya picha ni mawili. Chini yake iandikwe sentensi moja iliyonakiliwa kutoka kitabuni bila kubadilishwa, pamoja na namba ya ukurasa. Na mchoraji asimame aeleze kitu kimoja alichokichora ambacho kimo kwenye sentensi, na kimoja alichokiongeza mwenyewe. Sharti la pili nililipata baada ya miaka mingi, nalo limenisaidia kuliko yote, kwa kuwa linamfundisha mtoto kutenganisha aliyoyasoma na aliyoyadhani.

Kuna kazi nyingine ndogondogo. Barua kwa mhusika ni nzuri, hasa mhusika akijibiwa na mtoto wa dawati jingine. Mtoto kukaa kwenye kiti mbele kama shangazi na kuulizwa maswali inafaa siku ambayo huna kifaa chochote. Jalada jipya la kitabu sipendi kulitoa. Mtoto anaweza kulichora kwa kutazama jalada la zamani tu. Na kubadilisha mwisho wa hadithi, ambako walimu wengi hukimbilia, nakushauri uuache hadi mwaka wa tano au wa sita. Mtoto ambaye hajaelewa kwa nini mbuzi alirudi atampeleka mbuzi popote.

Kuhusu alama. Usiutolee uzuri alama. Nina mistari mitatu tu kwenye daftari langu: ameonyesha ukurasa, ameeleza kwa mdomo, ameandika. Nusu ya alama inakwenda kwenye kuonyesha ukurasa. Fishi ya maandalizi, yaani mpango wa somo, iandikwe kama ya somo la kusoma, lengo likiwa wazi, na kando taja kwamba umeunganisha na saa ya ufundi. Inspekta aliyewahi kuniingilia darasa likiwa limejaa maharagwe aliuliza kwa sauti kavu kama tunapika. Nilimwomba achukue ubao wowote na kumwita mtoto yeyote. Alikaa mpaka kengele ikalia, na aliondoka akiuliza kitabu kile kinapatikana wapi.

Basi anza kidogo. Mwezi wa tisa na wa kumi soma tu, wazoee sauti yako na wewe ujifunze majina yao. Chagua kitabu cha kurasa nane hadi kumi na mbili, chenye watu wasiozidi watano na safari ya kwenda na kurudi, maana safari hupangika vizuri kwenye ubao. Kusanya vizibo na vifungo tangu wiki ya kwanza, mtoto mmoja mmoja akileta kimoja anachoweza, na asiyeweza asiulizwe. Mbegu za mpapai zioshe utelezi wote na uzikaushe juani siku tatu kabla ya kuzitumia. Mimi nilizibandika mbichi mara moja, zikaota ukungu, na mbao za vikundi sita zikatupwa kabla watoto hawajazisimulia.