Vitabu vya kufundishia usanifu wa violesura

Nimepangiwa somo la usanifu wa violesura, yaani zile sehemu za programu anazoziona na kuzigusa mtumiaji, lakini mimi nilisomea kuandika programu tu. Nianze na kitabu gani? (Mwalimu wa chuo, Morogoro)

Anza na The Design of Everyday Things cha Don Norman. Kilitoka mwaka 1988 kwa jina la The Psychology of Everyday Things. Wewe tafuta toleo la 2013. Uzuri wake ni kwamba sehemu kubwa inahusu milango, swichi na majiko, si kompyuta. Wapeleke wanafunzi kwenye mlango wenye mshikio unaokuita uvute, kumbe wa kusukuma. Wasimame kando watazame. Wengi watauvuta, kisha watajilaumu wenyewe. Norman anasema lawama ni ya aliyeusanifu. Mwanafunzi akilielewa hilo, hatamwita tena mtumiaji mjinga. Kipe kitabu hiki wiki za kutosha, hata kama vingine vitabanwa.

Wanafunzi wangu wanakimbia vitabu vinene. (Nakuru)

Wape Don't Make Me Think cha Steve Krug, cha mwaka 2000. Alikusudia kimalizike ndani ya safari moja ya ndege. Toleo la tatu, la 2014, linagusa na simu.

Kanuni 10 za Jakob Nielsen za kusanifu violesura hazitoshi? (Dodoma)

Za kukariri, hazitoshi. Alizitoa mwaka 1994 ziwe za kukagulia, basi wakague nazo. Chukua ile ya kuzuia makosa, mfungue menyu ya kutuma pesa kwa simu. Je, jina la mpokeaji linatokea kabla pesa haijatoka? Linasomeka upesi, au limezama kati ya kiasi na makato? Mpeni simu mzee aliyesahau miwani yake, nanyi mnyamaze kabisa. Kumwelekeza ni kuliharibu zoezi. Mimi kipindi hiki nisingekibadilisha kwa mhadhara wowote.

Chuo kinataka kitabu kimoja cha kiada. (Mwanza)

Designing the User Interface cha Ben Shneiderman, kilichoanza kutoka 1986. Ni kizito, kisome wewe, wao wachagulie sura.

Na programu ya kuchorea? (Mombasa)

Mwezi wa kwanza penseli na karatasi. Mchoro wa penseli mwanafunzi haoni uchungu kuufuta.