Programu hufuatilia, haifanyi ufuatiliaji

SWALI: Natafsiri programu ya kompyuta ambayo faili likibadilika tu, yenyewe hutunza nakala mpya. Kwenye ukurasa wa mipangilio niandike kwamba programu "inapeleleza folda", "inachunguza folda" au "inafanya ufuatiliaji wa folda"?

JIBU: Andika "hufuatilia folda". Apelelezaye hujificha, na programu hii imewekwa na mwenye kompyuta mwenyewe. Achunguzaye huingia ndani ya kitu akakipekua, ilhali programu yako inangoja tu kuambiwa kwamba kuna jambo limetokea. Fuatilia imetokana na fuata kupitia fuatia, na kadiri viambishi vilivyoongezeka ndivyo maana ilivyozidi kuwa ya kuandama jambo bila kuliachia. Kiambishi hu- nacho kinafaa kuliko -na-, kwa sababu kazi hii ni ya kila siku, si ya sasa hivi tu.

Kilichonichoma ni chaguo lako la tatu. Hili "kufanya ufuatiliaji" nimelipiga vita miaka mingi na bado nalikuta kila ninapowasha kompyuta. Soma sentensi hii, ya aina ninayokutana nayo kila mara: "Programu hii inafanya ufuatiliaji wa mabadiliko yanayofanyika kwenye mafaili yaliyomo ndani ya folda." Maneno 13! Fuatilia, kitenzi kizima chenye nguvu zake, kimegeuzwa nomino, kisha kikaazimiwa "fanya" ili kiweze kutembea. Badilika nayo imetendwa vivyo hivyo: imekuwa "mabadiliko yanayofanyika". Halafu "yaliyomo" na "ndani ya" zinasema jambo moja mara mbili. Sema: "Programu hii hufuatilia mabadiliko kwenye folda." Maneno 6, na hakuna kilichopotea. Anayedhani ile ndefu ndiyo ya kitaalamu amedanganywa na urefu wake. Kiswahili kina vitenzi vinavyobeba mtenda, wakati na mtendwa katika neno moja; kuvivunjavunja hivi ni kuharibu chombo kizuri kuliko vyote tulivyonacho.

Ubaya unazidi kwenye ujumbe unaomtokea mtumiaji: "Mabadiliko yamefanyika katika faili." Yamefanywa na nani? Programu haijui. Chukua Inotify, sehemu ya mfumo endeshi wa Linux inayotoa taarifa za mafaili, iliyoingia kwenye kiini cha mfumo huo toleo la 2.6.13 mwaka 2005: huiarifu programu kwamba faili limeundwa, limeandikwa, limehamishwa au limefutwa, lakini haitaji aliyefanya hivyo. Lugha yetu ina kauli iliyoumbwa kwa hali kama hii, kauli ya kutendeka. "Faili limebadilika." Basi. Ukisema "limebadilishwa" hujakosea, ila msomaji atamtafuta aliyelibadilisha na wewe huna jina la kumpa. Lakini usiivute kauli hiyo hadi kwenye futa: "limefutika" humfanya mtu adhani faili limechakaa kama maandishi ya chaki, au kwamba linaweza kufutwa. Hapo andika "limefutwa".

Zipo pia programu zisizongoja kuarifiwa. Kila baada ya sekunde kadhaa hupita zenyewe kwenye folda, zikilinganisha saa ya badiliko la mwisho na ukubwa wa kila faili na zile zilizoandikwa mara iliyopita. Faili likiundwa na kufutwa kati ya mizunguko miwili, haziambulii kitu. Kama yako ni ya aina hiyo, mpe mtumiaji habari kamili: "Programu huchungulia folda kila baada ya sekunde 5." Chungulia ni neno la nyumbani, wengi huliona dogo mno kwa kompyuta. Mimi silioni hivyo. Hakuna jingine linaloeleza kazi hiyo kwa usahihi kama huo.

Kuhusu folda, wapo wanaotaka saraka na wapo wanaotaka kabrasha. Nimechoka kugombana nao. Chagua moja, ulitumie hilohilo tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.