Kabla ya Kupanga Nyumba na Wenzako Mtwara

Kuanzia Oktoba mji wa Mtwara hupokea wageni wa makundi mawili kwa wakati mmoja: wanafunzi wanaoripoti vyuoni, na watu wanaofuata korosho, yaani wanunuzi, makarani wa maghala, madereva wa malori na vibarua wanaokuja kwa sababu minada ya stakabadhi ghalani, ambako korosho zilizokusanywa maghalani huuzwa, imefunguliwa. Kijana anayeshuka stendi majira hayo akitafuta chumba hushindana nao wote, na madalali wanalijua hilo vizuri kuliko yeye. Ndiyo maana wengi huishia kupanga nyumba wawili au watatu, mara nyingi na mtu waliyefahamiana naye juma lililopita. Nami nimeishi hivyo kwa muda mrefu na sijutii. Hata hivyo, kwenu mnaokuja nina neno moja la msingi: kabla ya kuchunguzana tabia, ulizaneni pesa ya kila mmoja huingia lini.

Kodi ya nyumba hapa kwa kawaida hailipwi mwezi kwa mwezi. Wenye nyumba wengi hudai miezi mitatu, sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na dalali naye hutaka kodi ya mwezi mmoja iwe ujira wake. Chukulia basi nyumba yenye wapangaji watatu: mwajiriwa anayepokea mshahara mwisho wa mwezi, mwanafunzi anayetegemea fedha za Bodi ya Mikopo, bumu kama wanavyoiita wenyewe, ambalo hutoka kwa awamu, na kijana ambaye familia yake ina mikorosho Newala au Tandahimba, mwenye fedha Novemba na Desemba, lakini akifika Mei huwa anahesabu senti. Wote watatu wanaweza kuwa waaminifu kabisa na bado wakagombana, kwa kuwa mkataba wa miezi sita ulioanza Novemba huisha mwishoni mwa Aprili, na siku hiyo haimkuti kila mtu akiwa na kitu mfukoni. Katika nyumba niliyoishi mtaa wa Chuno tulikubaliana kwamba mwenye pesa za msimu alipe fungu lake la mwaka mzima mara tu malipo ya korosho yanapoingia, mwenye mshahara aweke akiba kila mwezi, na mwanafunzi atenge fungu lake siku bumu linapotoka, kabla halijaonekana mezani. Mtindo huo ulituepusha na maneno mengi.

Majina ya wapangaji wote yaandikwe kwenye mkataba. Mwenye nyumba akisisitiza kumtambua mtu mmoja tu, basi andikianeni karatasi yenu wenyewe na muisaini mbele ya mjumbe, kwa sababu aliyeandikwa peke yake ndiye atakayegongewa mlango kodi ikichelewa. Siku hiyohiyo jitambulisheni kwa mwenyekiti wa mtaa. Mtahitaji barua yake mapema kuliko mnavyodhani.

Umeme ndio huleta ugomvi kuliko kodi, nao una mambo mawili ambayo wageni hawaelezwi. La kwanza ni kodi ya jengo, ambayo tangu 2021 hukatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla ya kutumia. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na mwaka 2023 ikapanda kuwa 1,500. Mdaiwa kisheria ni mwenye nyumba, lakini anayekatwa ni yule anayenunua umeme, kwa hiyo zungumzeni na mwenye nyumba mapema namna atakavyowarudishia. Kabla ya kutoa kodi ya pango, nunueni umeme kidogo kwa namba ya mita hiyo ili mwone kama kuna deni la nyuma. La pili ni kwamba mita iliyosajiliwa kwa matumizi madogo hupata uniti kwa bei nafuu ilimradi matumizi yasizidi uniti 75 kwa mwezi. Mtu mmoja hufika mwisho wa mwezi bila shida; watatu wenye friji, pasi na jagi la umeme watavuka kikomo hicho, kisha kila mmoja atamtazama mwenzake.

Wengi pia hudhani kwamba gesi ya kupikia hapa ni ya bure au karibu na bure kwa kuwa inachimbwa Mnazi Bay. Gesi hiyo husafirishwa kwa bomba, na ni nyumba chache tu zilizounganishwa nayo. Ya mtungi ni nyingine kabisa, tena huagizwa kutoka nje ya nchi. Mtungi utagharamiwa na wote, basi.

Kuhusu mahali pa kupanga, tazameni kazi zenu ziko wapi. Anayefanya kazi hospitali ya kanda kule Mitengo na anayekwenda Naliendele kwenye utafiti wa korosho wana njia mbili tofauti, na akikaa mbali mmoja, nauli ya bajaji humlia alichookoa kwenye kodi.

Ramadhani nayo izungumzwe mapema, kwa kuwa huenda mwenzako akaamka kupika daku wakati wewe umelala. Kwetu asiyefunga ndiye aliyeosha vyombo vya futari, na alikuwa wa kwanza kukaa mkekani.

Mwisho ni habari ya kuondoka. Uhamisho huja ghafla na mafunzo ya kazi huisha, kwa hiyo kubalianeni tangu mwanzo kwamba anayeondoka atatoa taarifa ya mwezi mmoja, atatafuta mtu ambaye waliobaki na mwenye nyumba wanamkubali, na atarudishiwa kodi ya miezi iliyobaki siku mgeni huyo atakapolipa, wala si kabla ya hapo.