Jibu: Je, watengenezaji wadogo wa bia huwafaa kweli majirani zao?

Ndugu yangu, umeuliza kama viwanda vidogo vya bia husaidia kweli jamii vinamofanyia kazi, au kama hayo ni maneno ya matangazo tu. Naamini vipo vinavyosaidia kweli, na mfano ninaouheshimu kuliko yote ni wa Sierra Nevada, kiwanda ambacho Ken Grossman alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake mjini Chico, California, kikaanza kutengeneza bia mwaka 1980.

Novemba 2018, moto wa nyika ulioitwa Camp Fire uliteketeza mji jirani wa Paradise na kuua watu 85, na baadhi ya wafanyakazi wa kiwanda hicho walipoteza nyumba zao. Kiwanda kilibuni bia iliyoitwa Resilience, kikawaomba watengenezaji wengine waipike kwa maelekezo yale yale na kutoa mauzo yote, wala si faida peke yake, kwa ajili ya waathirika. Viwanda zaidi ya 1,400 viliitikia, huku wauzaji wa kimea na hopsi, yaani maua yanayoipa bia uchungu, wakichangia malighafi. Tofauti hiyo ya mauzo na faida ni kubwa sana, kwa kuwa anayetoa faida hujirudishia kwanza gharama zake, ilhali anayetoa mauzo yote hubeba gharama hizo mwenyewe.

Siku za kawaida msaada huwa wa kimya zaidi: machicha yanayobaki baada ya kupika bia hupelekwa kwa wafugaji wa karibu, nao huwalisha ng'ombe wao.