Kwa vijana wa Mombasa wanaokwenda kupima maji Chalbi

Kila anayepangiwa kazi ya maji Marsabit huuliza: jangwani kule, nianze kutafuta wapi?

Mwenye bomba la maji ya chemchemi za Mzima nyumbani (siku linapotoa) jibu analinywa tayari. Vilima vya Chyulu havina mto. Mvua yake hupenya majivu na mawe ya volkano, hupita chini kwa chini, kisha hububujika Mzima, mwamba unaopitisha maji unapokutana na usiopitisha. Jangwa la Chalbi, huko Marsabit, ni vivyo hivyo. Mlima Marsabit, mita 1,707, hunasa mvua na ukungu lakini hauna mto wa kudumu. Huko ni volkano tupu, hata milima ya Huri. Maji hujitokeza ukingoni mwa jangwa, lava inapokomea kwenye udongo wa ziwa la kale: Kalacha, North Horr.

Kwa hiyo usikimbilie katikati ya Chalbi eti ndiko chini zaidi. Mvua ikinyesha maji hutuama, jua huyakausha, chumvi hubaki. Na gari likizama kwenye matope yale, mtalala hapo.

Fuata ukingo, tafuta mikoma, miti ya jamii ya mnazi. Mwaijua, ni ileile ya huku Pwani. Ikisimama kundi penye ukavu, mizizi imefika majini. Ila mkoma huvumilia chumvi, basi usishawishike na kijani chake. Tia kipimo cha chumvi kwenye kila kisima, urudie kiangazi kikikolea. Ulimi usiutegemee. Sisi tuliokulia maji ya visima vya Mombasa, chumvi hatuisikii mpaka izidi.

Kwenye laga, ile mito ya mchanga, waulize wachungaji wanapochimba. Mara nyingi ni upande wa juu kidogo, mkondo unakotoka, wa mwamba uliokatiza laga, maana huzuia maji ndani ya mchanga. Hema usipige humo hata mbingu ikiwa nyeupe. Mvua ya mbali hushusha mafuriko.

Kabla ya kutumbukiza chochote kisimani, muone aba herega, mwenye kupanga zamu za kunywesha mifugo. Ngamia wakishafika, kaa pembeni. Kina utakachopima wakati huo kitakudanganya, kwani maji yanatekwa mfululizo. Omba ruhusa ya alfajiri, kisima kikiwa kimepumzika usiku kucha, kabla ya ndoo ya kwanza.